Ahadi Isiyoingia Kwenye Diski

Kijiwe chetu pale Karatu kilikuwa kiti cha nyuma cha Landrover iliyopinduka zamani, kiti kirefu chenye springi zilizotoboa ngozi, na kila mwenyeji alijua pa kutokukaa. Kilikuwa mbele ya studio ya Obed, mpiga picha za harusi na kipaimara, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli, na Mama Jackline aliweka hapo jiko lake la kahawa, na Obed alituruhusu kuchaji simu. Mwaka ulikuwa 2003. Lami ilikuwa bado mpya, mbuzi waliizunguka kwa mashaka, na magari ya watalii yalipandisha kwenda kreta, lile shimo la wanyama, bila kutuachia vumbi. Sylvesta, fundi magari tuliyemwita Spana, aliilaumu lami hadharani, maana vumbi ndilo lililokuwa likimletea kazi. Melkizedek tulimwita Profesa. Alikuwa Mchaga wa Marangu, dereva wa watalii, na aliwahi kusoma muhula mmoja chuoni, hatukuwahi kujua cha nini. Mimi ni Pancha, na kazi yangu ndiyo hiyo.

Siku hiyo Obed alitoka studio anajifuta jasho kwa kitambaa cha kufutia lenzi. Nyuma yake akatoka kijana wa Kimasai, shuka nyekundu na viatu vya tairi, mkononi mfuko wa plastiki wa kubebea mkanda wa video. Aliitwa Kaika, alikuwa ametoka Olbalbal, kule chini upande wa pili wa kreta, na tulikuwa tumeanza kumzoea kwa sababu hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuja.

— Imegoma tena, Obed akasema.

— Palepale? Spana akauliza.

— Palepale.

Tukasogea Kaika apate kukaa. Sote tulijua habari yake. Mwaka uliopita bwana mkubwa wa mradi mmoja wa maji alishuka Olbalbal na magari manne, akahutubia wazee. Wazee walikuwa wameshachoka na maneno ya watu wa magari, safari hiyo wakamwita Obed na kamera yake ili maneno yabaki. Kisha yule bwana akahamishwa. Aliyekuja badala yake aliwaambia wazee kwamba kwenye faili hakuna ahadi yoyote ya maji, na kama wao wanayo, waje nayo ofisini Alhamisi. Wazee wakamtuma Kaika: nenda ukatuletee yale maneno kwenye sidii.

Shida ilikuwa kompyuta. Ilikuwa inaupokea mkanda vizuri tangu mwanzo, salamu zote, itifaki yote, mpaka bwana mkubwa anapoinua kidole na kusema, "Na mimi ninawaahidi kwamba..." Hapo inasimama. Kidole kiko hewani, mdomo uko wazi, kompyuta imekataa.

— Mimi nimeshasema, Spana akaanza, huku anapuliza kikombe. Hiyo ni chujio. Kila mashine ina chujio. Ukimimina dizeli chafu, injini inakohoa, inazima. Kompyuta imeonja neno "ninawaahidi," imejua hapa kuna uchafu unakuja, ikajifunga.

— Acha ushamba, Spana, akasema Profesa. Kompyuta haijui Kiswahili. Suala ni mwinuko. Hapa tuko juu sana ya usawa wa bahari. Wageni wangu wakifika kreta rimu, kule ukingoni, wanaumwa vichwa. Sasa kama Mdachi mzima mwenye viatu vya maana anaumwa kichwa, diski itapona?

— Mbona harusi zinaingia? nikauliza.

— Harusi ni nyepesi, Pancha. Watu wanacheza tu. Hotuba ya serikali ina uzito.

— Yule hakuwa wa serikali, alikuwa wa mradi, Kaika akasema kwa upole.

— Mbaya zaidi! Mradi una wafadhili. Wafadhili wana satelaiti. Bwana akitaka kuahidi kitu ambacho hakikuidhinishwa kule Ulaya, satelaiti inabonyeza kitufe. Mnadhani ile milingoti ya simu imewekwa tuongee na shemeji zetu?

Mama Jackline akacheka, akamwongezea kahawa. Alikuwa mama mnene mwenye kilemba, mwimbaji wa kwaya, na hakupenda mtu akae na kikombe kitupu.

— Si mumwache mwenye kompyuta aseme? akasema.

Obed alikuwa amechuchumaa mlangoni. Kwa kawaida alipenda kueleza mambo. Siku hiyo aliongea huku anaangalia chini.

— Siyo chujio, siyo satelaiti. Diski yangu imepangwa kwa utaratibu wa zamani. Unaitwa FAT. Utaratibu huo haukubali faili moja izidi giga nne. Na video ya mkanda ni nzito. Dakika ishirini hivi, giga nne zimejaa, basi, inagoma. Harusi huwa naziingiza vipandevipande.

— Fati, Spana akasema. Profesa, si uliwahi kusema fati ni mnene?

— Fati ni mnene. Wageni wenyewe wanatumia.

— Sasa mnene anashindwaje kula?

Hapo tukacheka mpaka Obed mwenyewe akatabasamu. Kaika hakucheka.

— Kata vipande basi, nikamwambia Obed. Kipande hiki, na kipande hiki.

— Hapana, Kaika akajibu kabla ya Obed. Wazee wamekataa. Wakiona imekatwa mahali pa ahadi, wale wa ofisi watasema tumeunga maneno yetu. Lazima iende moja kwa moja, kidole kinaonekana na maneno yanatoka.

— Si muuangalie kwenye kamera yenyewe? akauliza Mama Jackline. Angalau tujue alisema nini.

— Alichosema kinajulikana, mama. Kisima. Watu mia wamesikia, Kaika akasema.

— Na kamera kioo chake kilikufa siku ileile, Obed akaongeza. Vumbi la Olbalbal ni kama unga, nilihangaika nalo mpaka maneno yenyewe sikuyasikiliza. Mkanda wenyewe umeingia vumbi, nikiuzungusha unaanza kutoa chenga. Nataka niuzungushe mara moja tu, uingie wote, nisiuguse tena. Kwa hiyo nimeamua. Naibadilisha diski. Natoka FAT, naingia utaratibu mpya, NTFS. Huo, faili hata iwe ndefu kama Kwaresima, unameza.

— Unaibadilishaje? Unanunua nyingine? Spana akauliza.

— Nabadilisha hiihii. Unaandika amri moja tu. Inaitwa convert.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Convert! Jamani. Hiyo ni kuokoka.

— Kompyuta inaokoka? Mama Jackline akashangaa.

— Ndiyo maana yake. Inaacha mambo ya zamani, inakuwa kiumbe kipya. Ndiyo maana ilikuwa inagoma kwenye ahadi! Ilikuwa na dhambi.

— Na ikishaokoka inaweza kurudi nyuma?

— Hairudi, Obed akasema. Ukitaka irudi, mpaka ufute kila kitu.

— Basi imetushinda wengi pale usharikani, akasema Mama Jackline, akachochea mkaa.

Kaika alikuwa anasikiliza kwa makini, ameinamia fimbo yake.

— Kaka Obed. Wakati unabadilisha, vitu vilivyomo unavihamishia wapi?

— Havihamishwi. Vinabaki palepale. Utaratibu ndio unabadilika.

Hapo kwa mara ya kwanza Kaika akacheka, kicheko kifupi.

— Hiyo tunaijua. Sisi hatujahamishwa, tupo palepale. Utaratibu ndio unabadilika. Jana ulilima mahindi yako kule Endulen, leo hifadhi inasema usilime. Jana ulishusha ng'ombe kreta kulamba chumvi, leo usishushe. Na vitu havipotei?

— Vinaweza kupotea. Umeme ukikatika katikati, diski inakuwa haiko kwa zamani wala kwa mpya. Inasahau kila kitu.

— Hiyo nayo tunaijua, Kaika akasema.

Nilimwona Mama Jackline amesimama na birika mkononi. Kwanza nilidhani anatafuta kikombe.

— Obed. Vitu gani vimo humo ndani?

Obed akakuna shingo.

— Vimo... vitu vya wateja.

— Harusi ya Jackline imo?

— Imo, mama. Ndiyo nilikuwa naimalizia.

— Unaimalizia tangu Pasaka. Lakini mkanda wake unao?

Gari la watalii likapita, watoto wakapiga kelele, gari likatokomea.

— Mkanda ule, mama... nilikosa mkanda siku ya kipaimara cha Rhotia. Nilijua harusi iko salama kwenye diski, nika...

— Ukarekodi juu yake.

— Nilirekodi juu yake.

Mama Jackline aliliweka birika chini ya kiti, akalifunika kwa kanga. Kwenye kijiwe chetu hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Spana alikuwa amenyoosha kikombe, akakirudisha taratibu. Sote tulikumbuka harusi ile. Baba yake Mama Jackline alibebwa kwenye kiti mpaka mbele, mzee hawezi hata kusimama, akamwekea mjukuu wake mkono kichwani na kumbariki kwa Kiiraqw, maneno marefu, polepole. Wiki chache baadaye tulimzika. Nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi.

— Si uichome kwenye sidii kwanza? nikamwambia Obed kwa sauti ya chini.

— Bado mbichi, Pancha, haijapikwa. Sidii ni ndogo. Ni kama kumimina pipa kwenye vikombe hivi.

— Hutaigusa, Mama Jackline akasema. Hiyo kompyuta ikae na dhambi zake. Sauti ya baba yangu imo mle. Sina nyingine.

Ndipo Kaika akasimama, akauweka mkanda vizuri kwenye mfuko.

— Basi, mama. Usilie. Mimi nitarudi kwa wazee. Nitawaambia haikuwezekana.

— Na Alhamisi?

— Alhamisi watakwenda mikono mitupu. Wamezoea.

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Mama Jackline akamwangalia sana.

— Maji mnayafuata wapi saa hizi?

— Inategemea. Sasa hivi ni mbali. Mama yangu anatoka na punda kabla ng'ombe hawajaamka. Anarudi jua limeshalala upande huu. Ng'ombe wanakunywa siku moja, siku moja wanalala na kiu. Ndama ndio wanaumia. Wanalia usiku, na wewe umelala hapo ndani unawasikia, huna la kuwapa.

Mama Jackline alikaa kwenye kigoda chake, akavuta pindo za kanga aliyojifunga. Kisha akalivuta birika, akamimina kikombe kimoja, akampa Kaika.

— Kunywa. Obed, fanya. Lakini umeme ukikatika, usinisubiri mimi. Hama Karatu.

Hapo Spana akainuka kama mtu aliyeitwa kazini.

— Subiri kwanza. Si una kile kidude cha kushikilia umeme?

— Yupiesi? Betri yake ilikufa zamani.

— Betri yake volti ngapi?

— Kumi na mbili.

Spana akageuka polepole. Sote tukageuka naye. Ng'ambo ya barabara, chini ya mjakaranda, liliegeshwa gari la Profesa, jeupe, limeandikwa ubavuni jina la kampuni.

— Hapana, Profesa akasema. Hapana, hapana, hapana. Wageni wangu wako lanchi. Saa nane wanataka kushuka kreta. Nikiwakosesha faru, bosi atanikosesha kazi.

— Ni kwa saa moja tu, ndugu yangu.

— Geti linafunga!

— Wewe si ndiye mwenye satelaiti? Waombe wakuongezee muda.

— Profesa, nikasema, mtu akisikia ulikataa betri na babu yake Jackline akafutika, utakunywa kahawa wapi?

Hilo ndilo lililomgusa. Alitoa ufunguo, akauangalia, akampa Spana huku ameangalia pembeni.

Betri ikaletwa, imebebwa kama mtoto. Spana aliilaza sakafuni studio, akafungua yupiesi kwa bisibisi, akaunga waya, akafunga kwa utepe mweusi, akalamba kidole na kugusa. Taa ya kijani ikawaka. Obed akakaa mbele ya kompyuta. Studio ni chumba kidogo chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji kwa ajili ya picha za pasipoti za watu wanaotaka anasa. Tulijazana humo wote, Mama Jackline karibu na mlango, hataki kuona na hataki kuondoka. Kwenye kioo cheusi Obed aliandika neno lile. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika.

— Hata yenyewe inaogopa, Spana akanong'ona.

Obed akabonyeza.

Maandishi meupe yakaanza kupanda, namba zikaanza kwenda, polepole kuliko lori la viazi kwenye mlima wa Rhotia. Profesa alikuwa anatutafsiria: sasa inakagua, sasa inahesabu nafasi, sasa inatubu. Ilipofika katikati tukasikia redio ya saluni ya jirani imekatika kwenye wimbo. Friji la soda likakohoa, likanyamaza. Taa juu ya vichwa vyetu ikazima.

Umeme ulikuwa umekwenda.

Yupiesi ikalia, piii, piii, piii. Kioo cha kompyuta kikapepesa, kikabaki. Katika giza lile la chumba, kwa mwanga wa kile kioo, niliwaona wote: Obed ameshika meza, Kaika amefumba macho, Spana amepiga magoti kushikilia waya mmoja kwa vidole kama mtu anayempima mgonjwa mapigo. Mama Jackline alikuwa ameingia mpaka ndani bila sisi kumwona. Alikuwa anaimba, chinichini, wimbo wa mazishi ya baba yake.

Simu ya Profesa ikaita.

— Yes, yes, akasema. Coming. Small problem with the... the car is praying. Akazima simu, akatuangalia. Nimewaambia nini?

— Kwamba gari linasali, nikamjibu.

Namba zilikuwa zinapanda. Kisha zikasimama. Kisha yakatoka maandishi mafupi, na Obed akayasoma, akayasoma tena, akaegemea kiti.

— Imemaliza.

— Imeokoka?

— Imeokoka.

Spana hakuachia waya. Mama Jackline alimshika Obed bega.

— Mfungue baba yangu.

Obed akatafuta, akafungua. Kwanza ilikuja sauti ya matarumbeta, watu wanacheza. Kisha akasogeza mbele, na mzee akatokea, kwenye kiti chake, koti kubwa kuliko yeye, mkono juu ya shela la Jackline. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Sikuelewa hata neno, Kiiraqw changu ni cha kununulia mahindi. Mama Jackline alielewa yote. Alisimama wima, midomo yake inafuata, na mzee alipomaliza akasema "amina" pamoja na watu wa kwenye video, akajifuta uso, akatoka nje kuchochea mkaa.

Umeme ulirudi baadaye kidogo. Spana aliachia waya na kukunjua vidole. Profesa angeweza kuchukua betri yake akaondoka, lakini hakugusa.

— Wageni watasubiri, akasema. Nimehangaika na hii ahadi wiki nzima, siondoki bila kuisikia.

Basi mkanda ukaingia. Salamu zikapita, itifaki ikapita. Bwana mkubwa alikuwa amevaa kofia pana na miwani myeusi, upepo unampeperusha tai. Nyuma yake magari manne. Wazee wamekaa chini mbele yake, wanawake mbali kwa nyuma. Na ubavuni mwake, amesimama wima na fimbo, anayetafsiri, alikuwa Kaika.

— Kumbe ni wewe! Spana akasema. Hukutuambia.

— Kule mimi ndiye niliyemaliza sekondari, Kaika akajibu.

Tukafika mahali petu. Kidole kikapanda.

"Na mimi ninawaahidi kwamba..."

Kompyuta haikusimama.

"...kwamba suala zima la maji, kama suala, tumelipokea, na tutaendelea kulifanyia kazi kwa kushirikiana na wadau wote, kwa kadiri ya mchakato utakavyoruhusu, ili kwa pamoja tuweze kuona ni namna gani bora tunaweza kuangalia uwezekano wa kuliweka katika mpango wa kuliangalia kwa mapana yake."

Bwana mkubwa akashusha kidole, akamgeukia Kaika. Kaika wa kwenye video akawaangalia wazee. Kisha akasema kitu kwa Kimasai, kifupi sana, labda maneno manne. Wazee wakapiga kelele za furaha, wanawake kule nyuma wakaanza kuimba, na bwana mkubwa akapunga mkono akitabasamu, na picha ikaendelea na watu wanapanda magari.

Obed akasimamisha.

— Rudisha, Profesa akasema. Nadhani kuna sehemu imeruka.

— Haijaruka. Imeingia yote.

— Kaika, nikasema. Pale uliwaambia nini?

Kaika alikuwa anaangalia kioo.

— Niliwaambia: atatuchimbia kisima.

— Lakini yeye hakusema kisima.

— Hakusema?

Aliuliza kwa kweli kabisa, kama mtu anayetuomba tumsaidie. Obed akacheza tena mahali pale. Kaika akasikiliza, ameinamisha kichwa.

— Siku ile alisema haraka, na upepo ulikuwa mwingi, akasema. Na Kimasai hakina neno la mchakato. Wazee walikuwa wamenikazia macho, wananingoja. Niliyatafuta yale maneno yote, nikaona ni mengi mno. Nikaona maneno mengi hivi, ndani yake lazima kuna kisima.

Spana alitaka kucheka, akaacha. Obed alizungusha kiti chake.

— Nitengeneze sidii, au nisitengeneze?

Mlangoni kukawa na kivuli. Mama Jackline alikuwa amemleta mgeni, mwanamke mrefu mkavu, shanga masikioni, nguo zake zimejaa vumbi la njia. Alikuwa ameshuka na gari la maziwa kutoka juu, akauliza studio mpaka akafika.

— Yeyo, Kaika akasema, akainamisha kichwa, na mwanamke akamgusa utosini. Huyu ni mama yangu, Naishorua. Tukamwamkia shikamoo wote, kila mtu kwa lafudhi yake.

Aliitikia, akaangalia kioo, akamwona mwanawe amesimama na yule bwana mwenye kofia. Akafurahi. Alisogea karibu na kusema kwa Kiswahili chake cha kujifunza mnadani, neno moja moja:

— Huyo ndiye. Siku ile sisi wanawake tulikaa mbali. Yeye, mimi sikusikia. Nilisikia Kaika tu. Leo nataka kusikia yeye.

Obed alimwangalia Kaika. Kaika akatikisa kichwa kukubali. Basi ikachezwa, kidole kikapanda, maneno yakatoka yote, mpaka "mapana yake." Mama yule alisikiliza na uso wake wote. Ilipokwisha akatugeukia, siyo mwanawe peke yake, sisi sote, watu wa mjini tunaojua Kiswahili.

— Amesema nini?

Profesa akakohoa.

— Amesema, mama... kwamba suala... Yaani, maji, kama maji...

Akakwama. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Spana. Spana akainama kuangalia betri.

— Cheza tena, Profesa akamwambia Obed.

Tukaisikiliza tena. Kisha tena. Watu wazima wote mle ndani, wengine tuna vyeti, tumesogeza vichwa kwenye kile kioo, na mama wa watu amesimama na vumbi lake miguuni, anangoja tumwambie.